Chumba cha Mama Pasi Kilivyochomwa Mara ya Pili

Jina la Mama Pasi hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wifi yake aliyepanga chumba cha ukuta mmoja naye, siku ya pili baada ya moto, mbele ya majivu yaliyokuwa bado yanafuka.

"Mpisheni Mama Pasi," wifi alisema, na watu waliokuwa wamepoteza kila kitu wakapata angalau kitu cha kucheka. Jina likamganda kama masizi kwenye sufuria.

Kabla ya siku hiyo alikuwa mpiga pasi wa mtaa, na alikuwa hodari. Watu walimletea mashati ya ofisini, sare za shule, suruali za harusi. Meza yake ilikaa karibu na mlango, apate hewa na aone nani anapita na nani anapitwa. Siku ya moto alikuwa ametoka kupeleka nguo kwa mteja. Alirudi akakuta safu nzima ya vyumba vya kupanga inawaka, chake kikiwa katikati. Hakuna aliyekufa. Lakini vitanda viliungua, vyeti viliungua, na watu walitaka mtu wa kumbebesha lawama. Mpiga pasi alikuwa amesimama pale pale, na mfuko mtupu wa nguo mkononi.

"Umeacha pasi inawaka," mumewe alimwambia. Hakuuliza. Alisema.

"Niliichomoa kwenye soketi kabla sijatoka."

"Kwa hiyo chumba kimejichoma chenyewe?"

Mume hakumfukuza. Wanaume wa aina yake hawafukuzi, wanahama. Alihamia na binti yao mdogo kwa huyo dada yake, aliyekuwa amepata chumba kingine, akisema ni kwa muda, kisha akahamia kwa mwanamke mwingine na kumwacha binti kwa shangazi. Binti akakua akisikia kisa cha moto kila wageni walipokuja. Wifi alikuwa msimulizi mzuri, na hakuwa bahili wa chumvi. Mama Pasi alikodi chumba mtaa wa mbali. Hakuna aliyempa hata leso ya kunyoosha.

Hayo yote aliyameza. Lililomkaba koo lilikuja baadaye, binti alipoolewa na kuzaa mtoto wa kike. Bibi alitandika kitanda kidogo chumbani kwake, akashona na foronya ya maua. Binti akaja, akakitazama kile kitanda, akabaki amesimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Mama, wewe njoo kwangu umwone wakati wowote. Ila hapa siwezi kumwacha."

"Kwa nini?"

"Mama, unajua."

Alijua. Na ubaya wa uongo uliorudiwa sana ni kwamba hata aliyesingiziwa huanza kuusikiliza. Usiku mwingine alilala akiuona mkono wake mwenyewe ukichomoa pasi. Usiku mwingine mkono ule ule ulikuwa unaiacha. Ikafika mahali hakujua upi ni kumbukumbu na upi ni ndoto. Hilo hakumwambia mtu. Alijikaza, akaendelea kununa, maana kununa kulimsaidia kusimama wima.

Ndipo akapata kazi kwenye kituo cha utafiti wa moto. Serikali ilikuwa imeamua kugharamia uchunguzi wa kweli wa mioto ya majumbani, kwa sababu vyumba vya kupanga vilikuwa vinateketea na kila mara jibu lilikuwa kunyoosheana vidole. Kituo kilikuwa banda kubwa lenye paa refu, na ndani yake mafundi walijenga vyumba vyenye kuta tatu na dirisha. Upande wa nne ulikuwa wazi ili kamera zione. Nyaya nyembamba za kupimia joto zilining'inia kutoka darini. Watafiti waliwasha moto kwa namna moja, wakaandika kila kilichotokea, kisha wakajenga chumba kingine kama hicho na kuwasha moto kwa namna nyingine.

Mama Pasi aliajiriwa kufagia majivu. Lakini mkuu wa utafiti, mwanamke kijana mwenye miwani na sauti ya chini, alimwona anatandika kitanda cha majaribio ambacho mafundi walikuwa wamekitupia shuka kama wanafunika maiti.

"Mama, nani kakuambia uchomekee kona hivyo?"

"Hakuna mtu analala kwenye kitanda kilichotandikwa vile, daktari. Mlikuwa mnachoma duka la magodoro."

Mtafiti akacheka. Kuanzia hapo kazi ya Mama Pasi ikawa kuvifanya vyumba vionekane vinaishi watu. Alishona mapazia, akatundika kanga nyuma ya mlango, akapanga viatu chini ya kitanda. Kisha akasimama nyuma ya kioo kinene na kutazama kazi yake ikiungua. Jirani yake mmoja alimwuliza, "Kwa hiyo unalipwa na serikali kutandika vitanda vya moto?" Akamjibu, "Ndiyo. Mume wangu nilimtandikia vya bure, na havikumfaa."

Siku moja mtafiti aliwakusanya wafanyakazi. Walihitaji chumba cha kweli kilichoungua, chenye mtu anayekumbuka kila kitu kilikaa wapi. Mama Pasi aliinua mkono.

"Changu," alisema.

Mtafiti alimwita pembeni, akamsikiliza kisa chote, pasi, mume, wifi, binti na kile kitanda kidogo. Kisha akavua miwani.

"Mama, nikuambie ukweli. Tutaijaribu pasi kama wanavyosema wao, bila kuipendelea na bila kuionea. Ikichoma chumba, nitaandika kwamba imechoma. Na nitaandika hivyo hivyo hata kama unalia mbele yangu. Bado unataka?"

Mama Pasi aliuona tena mkono wake, mara unachomoa, mara unaacha.

"Nataka. Na nataka binti yangu awepo. Na yule shangazi yake."

"Wifi yako atakubali?"

"Daktari, ukimwambia wifi yangu kuna mahali ninaaibishwa, atakuja kwa miguu."

Vilijengwa vyumba viwili vilivyofanana. Mama Pasi alivipanga kwa mikono yake. Meza ya pasi karibu na mlango. Kitanda kwenye ukuta wa mbali, ukuta aliopakana na wifi. Godoro la sponji. Mkeka. Halafu, bila kufikiri, akaomba waya mrefu. Chumba cha wifi hakikuwa na soketi, kwa hiyo mume alikuwa amevuta ekstensheni kutoka kwao, akaipitisha kwenye tundu la ukuta hadi kwa dada yake. Aliiunga katikati kwa waya mwembamba wa redio na kuuzungushia utepe. Kipande kilichozidi alikikunja mviringo na kukisukuma chini ya godoro, watu wasijikwae. Mama Pasi akakunja vivyo hivyo, akasukuma.

Mtafiti aliinua kona ya godoro, akautazama ule mviringo kwa muda mrefu.

"Huko upande wa pili kulichomekwa nini?"

"Friji ya wifi. Na jiko lake la umeme."

Mtafiti alishusha godoro taratibu. "Acha kama ilivyokuwa," alisema, akaenda kuwaambia mafundi watafute friji na jiko.

Siku ya jaribio wifi alifika wa kwanza, amevaa kama anayekwenda kupokea zawadi. Binti alikuja na mtoto mgongoni, akamsalimia mama yake bila kumtazama machoni. Wakakaa kwenye benchi nyuma ya kioo. Wazimamoto walisimama kando na mpira wao wa maji.

"Kwa hiyo leo tunaoneshwa sinema," wifi alisema.

"Leo tunaoneshwa, wifi," Mama Pasi alijibu. Mikono yake alikuwa ameifungia ndani ya kanga.

Wakaanza na pasi. Ilikuwa ya aina ile ile ya zamani, mafundi waliitafuta kwenye soko la vitu vikuukuu. Wakailaza kifudifudi juu ya shuka iliyokunjwa, wakaiwasha, wakaondoka. Moshi ukaanza. Shuka ikawa kahawia, kisha nyeusi. Harufu ya kuungua ikafika hadi kwenye benchi.

"Haya, si hiyo," wifi alisema, akajiweka sawa benchini. "Mimi niliyasema haya watoto hawa hawajaota meno."

Shuka ikatoboka. Blanketi la chini likatoboka. Meza ikabaki na alama ya pasi, nyeusi, safi kama muhuri. Wakangoja. Chai ikaletwa, ikanywewa, ikaisha. Moshi ulikuwepo, alama ilikuwepo, lakini ulimi wa moto haukutokea.

"Ngojeni, itawaka," wifi alisema.

"Tumengoja asubuhi nzima, mama," mtafiti alimjibu. "Na tumeshairudia siku nyingine, ikawa hivyo hivyo. Ndani yake kuna kidude kinachokata umeme joto likizidi. Sisemi watu waache pasi zinawaka. Kidude kikiharibika ni habari nyingine. Nasema hii haikuchoma chumba hiki."

"Za siku hizo zilikuwa kali."

"Hii ni ya siku hizo."

Wakahamia chumba cha pili. Pasi iliwekwa mezani, imechomolewa, waya wake umelala. Nyuma ya ukuta friji ikaanza kunguruma, jiko la umeme likawekewa sufuria. Hapo hakuna aliyewasha moto wowote. Watu walikaa wakitazama kitanda kilichotandikwa vizuri, shuka imechomekewa kona.

Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha shuka ikaonekana kama inapumua, na uzi wa moshi ukatoka kwenye ukingo wa godoro, upande wa ukutani. Kule chini waya uliokunjwa ulikuwa unapikana wenyewe kwa wenyewe, na joto halina pa kwenda. Ghafla pakatokea mwanga mdogo wa buluu. Godoro likashika. Sponji haiungui kwa adabu. Moto ulipanda ukutani, ukapita kwenye lile tundu kuelekea upande wa friji, ukalamba dari, ukarudi chini kwa moshi mweusi mzito. Meza ya pasi, pale karibu na mlango, ilikuwa ya mwisho kuwaka.

Wazimamoto wakafungulia maji. Mvuke ukatulia.

Wa kwanza kusema alikuwa binti.

"Shangazi."

"Abee."

"Wewe husema moto ulikuja kwenye lile tundu. Kwamba ulikuwa umeinjika maharage kwenye jiko la umeme, ukageuka, ukaona tundu linatema moto kama mdomo. Nimeyasikia hayo tangu sijajua kusoma. Kwa hiyo ulianzia kwenye ukuta wako, si mlangoni kwenye pasi."

Wifi alifungua mdomo. Kilikuwa kisa chake mwenyewe, alikisimulia vizuri kuliko mtu yeyote, na hakikuwa na mahali pa kutokea.

"Maharage nilikuwa nayapika mimi," alisema mwishowe, "lakini waya aliuvuta kaka."

"Basi ni kaka," Mama Pasi alisema. "Mpelekee salamu."

Hakucheka wala hakulia. Alisimama, akaomba kuingia. Mtafiti akamwongoza hadi kwenye chumba kilicholowa, akamwinulia mabaki ya godoro. Waya ulikuwa umeyeyuka na kuwa kitu kimoja, mviringo mweusi kama nyoka aliyelala. Mama Pasi akaugusa kwa ncha ya kidole. Akaenda mezani, akachukua pasi iliyoungua, akaufuata waya wake hadi mwisho. Ulikuwa umelala chini, mbali na soketi. Hilo halikuwa ushahidi, aliiweka hivyo yeye mwenyewe asubuhi. Lakini mkono wake ulitulia, kwa mara ya kwanza tangu miaka ile, na tangu hapo haukumjia tena kwa sura mbili.

Filamu ya chumba kile ilitembea kuliko yeye mwenyewe alivyowahi kutembea. Ilioneshwa kwenye zahanati watu wakingoja dawa, ikaoneshwa shuleni, ikaoneshwa kwenye mikutano ya mitaa. Sauti ya mtafiti ilisema waya usikunjwe, usifichwe chini ya godoro wala mkeka, wala usibebeshwe friji na jiko kwa pamoja. Watu wakaenda nyumbani kuinua magodoro yao, wengi wakakuta wamelalia kile walichokiona kwenye picha. Mtaani kwa Mama Pasi walianza kumwita aje kuwaangalizia. Alikwenda, akainua magodoro ya watu waliokuwa hawamkopeshi hata kiberiti, akasema tu, "Huu ukunjue. Fundi aje." Pale palipokuwa na waya uliounganishwa kwa utepe alikaa kidogo zaidi, ili mwenye nyumba aone haya sawasawa.

Mume wa zamani naye alisikia. Alimtuma mtu amwambie kwamba anamsalimia, na kwamba binadamu hukosea.

"Mwambie salamu nimezipata," Mama Pasi alisema. "Nimeziweka chini ya godoro."

Jumatatu moja asubuhi mlango wake uligongwa. Binti alikuwa amesimama nje, amevaa nguo za kazi, mtoto mkononi na kikapu cha nguo zake begani. Kwa mara ya kwanza alimtazama mama yake machoni.

"Mama, nimechelewa. Anakula uji, na akilia mwimbie. Nitamfuata jioni." Akamkabidhi mtoto. "Au kesho. Akitaka kulala."

"Pa kulala papo."

Binti alikitazama kile kitanda kidogo chenye foronya ya maua, akafuta jicho kwa kiganja, akaondoka haraka kabla mama hajasema neno lingine.

Mama Pasi alimkalisha mjukuu kitandani. Akafungua kikapu, akatoa kigauni kilichojikunja. Akakitandaza mezani, karibu na mlango, akachomeka pasi.

"Bibi, ya moto?" mtoto aliuliza.

"Ya moto kweli kweli. Kaa hapo hapo, uangalie bibi anavyofanya."

Akanyoosha mkono mmoja wa gauni, kisha wa pili, kisha kola, taratibu, kama mtu anayepiga pasi nguo ya harusi. Alipomaliza alishika plagi, akamgeukia mtoto ili aone, akaichomoa.