Kamba ya Upande wa Kushoto

Shangazi Léontine alikulia zizini, akaolewa na fundi baiskeli. Mumewe, Anselme, asubuhi aliziba pancha za mji mzima. Mchana alijifungia bandani akiunda mashine ya kupaa wima, isiyohitaji kukimbia kwanza. Ilikuwa na mapanga mawili mapana ya mbao yaliyovikwa hariri, yakizungushwa na injini kwa mkanda wa ngozi. Hariri aliishona shangazi.

Mji wetu wa Normandi, Ufaransa, uliiita mashine hiyo kinu cha upepo cha Anselme, na kumuuliza lini atasaga.

Siku ya jaribio, Novemba 1908, ukungu ulikuwa umelala malishoni. Mashine ilipenda kulalia upande, na ikipinduka, mapanga yangemfyeka aliyeketi katikati. Ndiyo maana zilifungwa kamba mbili za kuishikilia kutoka chini. Ya kulia aliishika baba yangu, Barnabé, kaka yake shangazi. Mshikaji wa kushoto hakutokea.

Baba alitaka waahirishe. Anselme akatazama mawingu, akasema mvua zikianza mkanda utateleza mpaka baridi iishe. Shangazi akavua viatu vyake vya mbao, akaiokota kamba.

"Ikivuta, iachie, mke wangu."

"Nimeshika ndama wakali kuliko kinu chako. Wewe panda."

Akafanya tunavyofanya sote tukishika ndama: akaizungusha kamba mara mbili kwenye kifundo cha mkono. Hakuna aliyeliona kosa.

Injini ikanguruma, nyasi zikalala. Magurudumu yakaachana na ardhi, kidole kimoja, kisha kimo cha goti. Shangazi akataka kuiachia kamba, nayo ilikuwa imemng'ata. Nyayo zake zikatoka majanini. Uzito wake ukaanza kuinamisha mashine kushoto, na ncha za mapanga zikashuka kumwelekea.

Hakutoa sauti. Baba ndiye aliyepaza.

"Shemeji, zima! Léontine ananing'inia!"

Anselme akazima. Mashine ikaanguka kama gunia, magurudumu yakavunjika. Akatambaa kutoka ndani, akamfungua mkewe kamba.

"Mbona hukuniita?"

"Ulikuwa unaruka," shangazi akasema.

Mashine haikutengenezwa tena. Mjini wakasema haikuruka hata siku ile. Neno hilo likisemwa sokoni, shangazi aliweka siagi yake chini, akakunja mkono wa blauzi na kuwaonyesha kovu lililozunguka kifundo.

"Mnaniona nilivyo mnene," alisema. "Haya, niambieni nani aliniinua."