Mikono Mfukoni

Juma lililopita nilifuata kifurushi kwenye kampuni moja ya mizigo hapa Njombe, nikakisahau. Binti wa kompyuta alikuwa akiibadilishia mfumo mashine kubwa inayotunza orodha ya mizigo, iliyoko ofisi yao ya Makambako, kwa kupitia waya wa simu. Nakala ya kila kitu alishaiweka pembeni. Bosi kasimama mgongoni kwake: "Ikifa hiyo, rudi kwenu Ludewa ukalime."

Mashine ikajizima ili iwake upya. Kimya. Simu ya pili ikalia. Mlinzi wa Makambako, utingo mstaafu, alipiga kelele hadi kaunta tukamsikia: "Dada, imezimika! Niipige kofi?"

"Usiiguse, baba! Bado inajipanga. Weka mikono mfukoni!"

Bosi akatia yake mfukoni. Na mimi. Kaunta nzima tukasimama kama walevi wanaotafuta nauli, tukimsikiliza mlinzi akihema.

"Taa imewaka, dada! Wala sijaigusa, nimeisemesha tu."

Orodha ya mizigo ikatokea kwenye kioo cha binti. Akapangusa jasho; bosi akapokea pongezi.

Ndugu zangu, tangu soko huria liingie tumebadilishiwa mifumo mingi, na kila mmoja una mkubwa wake asiyevumilia kimya: kikitokea tu, anazaba kofi. Mimi yule utingo ningempa uwaziri.