Brashi Iko, Mzee

Kavoi alikuwa kinyozi wa mwisho pale soko la Toi kunyoa ndevu kwa brashi na sabuni. Nasema wa mwisho kwa sababu nilikaa mlangoni pake miaka tisa nikishona viatu, na sikuona mwingine. Vinyozi wengine walikuwa na mashine za umeme na redio. Yeye alikuwa na kiti kimoja, kioo, na bakuli la enameli lenye ua la buluu chini. Kila mteja alikuja na wembe wake mpya mfukoni. Povu lilikuwa la Kavoi.

Povu lake halikuwa la haraka. Kwanza aliloweka brashi kwenye maji ya uvuguvugu mpaka nywele zikalainika. Kisha aliikung'uta mara mbili, ibaki na unyevu lakini isidondoke. Aliisugua juu ya sabuni akiizungusha, mpaka ikashika kitu kizito kama uji uliolala. Ndipo alipohamia kwenye bakuli. Alidondosha maji kwa ncha za vidole, matone matatu, akazungusha, mengine mawili, akazungusha. Viputo vikubwa vikitokea alisema povu limeingia upepo, akaendelea kuzungusha polepole mpaka viishe. Mwisho wake povu lilisimama, laini, halina tundu hata moja. Hapo aliligeuza bakuli juu chini, juu ya mapaja ya mteja. Mteja mgeni aliruka. Aliyemzoea aliendelea kusoma gazeti. Povu halikuanguka hata siku moja nikitazama.

Mteja aliyemheshimu kuliko wote alikuwa Mzee Murjan, Mnubi wa Makina, upande ule wa Kibera ulio karibu na soko. Mzee alikuwa na ndevu nyeupe kidevuni ambazo haziguswi, ila mashavu na shingo alitaka ziwe safi. Kazi ilikuwa hapo: povu jeupe kando ya ndevu nyeupe. Likivuka mpaka, wembe unakula ndevu. Kavoi alilipaka kama mtu anayepiga mstari kwa rula. Mzee hakuweza kusema na povu mdomoni, na Kavoi naye hakuwa mtu wa maneno, kwa hiyo walipatana sana.

Siku ya kwanza kabisa Mzee alikuwa ameuliza, "Hii brashi yako ni ya nywele za nini?" Kavoi hakujua. Mzee akaenda nyumbani bila kunyolewa, na kesho yake akarudi na ya kwake. Ilikuwa ya nywele za farasi, mpini wa mfupa uliogeuka rangi ya chai. Babake alikuwa askari wa Keya, jeshi la wakoloni, na alirudi nayo kutoka vita vya Burma.

"Hii ni amana," alisema. "Usimnyoe mwingine nayo."

Kavoi aliipa msumari wake peke yake. Ilining'inia hapo miaka yote.

Soko la Toi lilichomwa mwisho wa Desemba 2007, siku zile za matokeo ya uchaguzi. Tulipoweza kurudi kutazama, tulikuta mabati yaliyojikunja. Kavoi alipata bakuli lake, ua limeungua likabaki doa jeusi. Brashi hakuipata. Alichokoa majivu kwa kijiti mpaka nikamwambia twende.

Siku za kwanza sisi Wakamba hatukuulizwa kitu na majirani. Januari, mtu wa kwetu alipopewa kiti kikubwa katika serikali ambayo majirani waliikataa, tukaanza kuitwa wasaliti, na mlango wangu ukapigwa mawe mchana kweupe. Tukahamia Kawangware kwa Kasiva, dadake Kavoi, aliyepanga karibu na steji ya matatu iitwayo 56.

Mimi nilipata kazi upesi, maana viatu huchakaa kila mahali. Kavoi hakupata. Alinunua brashi nyingine kwa muuzaji wa kando ya barabara, akaweka kiti nje ya ploti tulimopanga, akangoja. Pale kila hatua kumi kuna saluni na mashine. Collins, kijana wa saluni ya jirani, alisimama kumtazama akizungusha povu.

"Mzae, hiyo brashi ni ya kunyoa ama ya kupaka nyumba rangi?"

"Kaa hapa nikuonyeshe," Kavoi akasema.

"Zii, mzae. Nitazeeka nikingoja."

Wiki tatu zilipita akiwa amenyoa watu wanne. Kasiva alianza kumwambia aende mjengo akabebe mawe, na Kavoi alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita na goti moja bovu. Nilimwona jioni moja akipima kwa macho toroli la jirani.

Katikati ya Februari simu yake ililia. Alikuwa Mzee Murjan, kwa simu ya mwanawe Ramzy. Mzee alizungumza na simu kama mtu anayeita ng'ambo ya mto, kwa hiyo nilisikia yote.

"Kavoi! Uko hai?"

"Niko, mzee."

"Ijumaa mjukuu wangu Rania anaolewa. Nikaha ni baada ya swala. Hawa wa mashine wameniharibu, shingo yote imeota vipele. Uje uninyoe asubuhi."

"Nitakuja."

"Na baraza langu liko tupu. Kiti kipo, uje ukae hapo unyoe watu. Kwangu hakuna wa kukugusa. Brashi iko?"

Kavoi alinitazama. Sijui uso wangu ulikuwaje.

"Brashi iko, mzee."

"Alhamdulillahi!" Mzee akapiga kelele, simu ikakatika.

Neno lenyewe lilikuwa la kweli. Brashi ilikuwako, imewekwa dirishani, haijafikisha mwezi. Lakini sote wawili tulijua Mzee aliuliza ipi.

"Nitamwambia nikifika," Kavoi alisema. "Mambo kama hayo si ya simu."

Ijumaa asubuhi nilibeba na mimi sanduku langu la kazi. Baraza lina pembe mbili, na nilikuwa na mawazo yangu. Kabla ya kutoka, Kavoi alinipa brashi nishike huku akiosha bakuli bombani. Sikuwa nimeishika tangu ainunue. Nywele zake zilikuwa ngumu, na nilipoisogeza karibu na jicho niliona kila unywele umepasuka ncha, mara mbili, mara tatu. Nikamrudishia.

Tulitembea kutoka Kawangware hadi Dagoretti Corner. Hapo nikasema, "Kavoi."

"Ee."

"Hiyo brashi ni ya nguruwe."

Hakusimama. "Nani amekuambia?"

"Ncha zimepasuka. Ya farasi haipasuki hivyo. Kama hiyo nilikuwa nayo Toi, ya kutolea viatu tope."

Tulipita miti kadhaa. "Hakuna mtu ataangalia ncha, Mbithi."

Nilihamishia sanduku bega la pili.

"Sasa unanyamaza nini?"

"Nimemaliza."

Pale tunapoingia Makina palikuwa na vijana wamekaa juu ya mawe yaliyopangwa barabarani. Mmoja aliita, "Niaje wazae, mnaishia wapi?" akachukua mfuko aliobeba Kavoi. Alipotoa bakuli na sabuni, mwenzake akacheka. "Wachana naye. Huyo ni kinyozi wa Mzee Murjan, kuna harusi." Tukapita.

Mzee alikuwa barazani na wageni saba au wanane, wazee wenzake, wakinywa kahawa. Alivaa kanzu mpya, nyeupe mpaka inaumiza macho. Kavoi hakupata hata nafasi ya kusalimia vizuri. Mzee alimshika bega akamgeuza kwa wageni.

"Mnamwona huyu? Soko lote limekwenda na moto. Yeye ametoka na brashi ya baba yangu."

"Mashallah," wakasema. Mmoja aliinuka kumpa mkono.

Sitelbanat, mke wa Mzee, alileta maji ya moto. Mzee akakaa kitini, akajifunga taulo shingoni juu ya kanzu, akafumba macho. Kavoi aliweka bakuli na sabuni kwenye stuli. Akaingiza mkono mfukoni mwa koti lake kutoa brashi, na mkono ukabaki humo. Nilikuwa nimekaa juu ya sanduku langu, karibu, nikiuona mkono wenyewe ukijikunja ndani ya mfuko. Kisha ukatoka mtupu.

Akaanza kusugua sabuni kwa viganja. Alijaribu, lakini povu la vidole lina maji na viputo. Alipolipaka shavuni liliteremka likaingia kwenye ndevu.

"Kavoi," Mzee alisema bila kufumbua macho. "Hivi ni vidole."

"Ndiyo, mzee."

"Brashi iko wapi?"

"Iliungua, mzee. Siku ile ile ya soko. Niliitafuta kwenye majivu. Ninayo nyingine, na leo njiani nimejua ni ya nguruwe. Siwezi kukupaka nayo."

Miaka tisa sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa pamoja. Mgeni mmoja alivuta kiti chake nyuma. Mzee alifumbua macho, akajifuta uso kwa taulo, shavu moja kisha la pili.

"Uliniambia brashi iko."

"Iko, mzee. Ya kwako ndiyo haiko."

Kuna aliyecheka, akaacha. Mzee hakucheka. Alitazama barabarani.

"Ilienda Burma ikarudi," alisema. "Ije iungulie Toi." Halafu akauliza, "Hiyo nyingine imeingia bakuli hili?"

"Imeingia."

Sitelbanat hakungoja kuambiwa. Aliinua bakuli kwa ncha za vidole, akatupa sabuni kwenye taka, akaniambia, "Wewe, chukua ule mtungi uje unimiminie. Na wewe Kavoi, lete hiyo mikono." Tukaenda uani. Mzee alitangulizwa kuosha uso, kisha bakuli na mikono, kila kimoja mara moja kwa mchanga na maji, halafu kwa maji matupu, kama dini inavyotaka kwa najisi ya nguruwe, Sitelbanat akihesabu kwa sauti mpaka saba. Kavoi alinyoosha mikono kama mgonjwa.

Nilipokuwa nikimimina niliona ukutani ngozi ya mbuzi imewambwa, nywele zikiwa bado juu yake. Pale shingoni zilikuwa ndefu kama kidole.

"Tano," Sitelbanat akasema. "Maji yanaenda kando. Unaangalia nini?"

"Ngozi, mama."

"Ni mbuzi wetu wa Idd. Unaitaka?"

"Nataka nywele za shingo tu."

Alinitazama, akamtazama Kavoi, akaenda kuleta mkasi.

Kazi hiyo niliifanya juu ya sanduku langu, wageni wakitazama, jambo ambalo silipendi. Nilichukua kipande cha mpini wa nyundo yangu ya zamani. Nilizipanga nywele kukizunguka, mashina juu ya mti, ncha zikitoka mbele. Nikazifunga kwa uzi wa nta ninaoshonea soli, raundi kama thelathini, nikikaza kwa meno. Juu ya uzi nikapaka gundi, nikaishika karibu na jiko la kahawa mpaka ikauke. Haikuwa nzuri. Ilifanana na mkia wa kitu kilichopigwa. Nilimpa Kavoi.

Sitelbanat alileta sabuni mpya ya nyumbani. Kavoi aliloweka, akakung'uta mara mbili, akazungusha juu ya sabuni. Nywele za mbuzi ni laini mno, zinakunywa maji na kuyaficha. Povu halikuja. Akadondosha matone, akazungusha. Unywele mmoja ukang'oka, akautoa kwa kucha. Mwingine ukang'oka.

"Mbuzi gani huyu," alinong'ona.

Mgeni mmoja alitazama saa yake akasema swala inakaribia. Kavoi hakumsikia. Alikuwa ameinama na sikio kando ya bakuli, kama alivyokuwa akifanya Toi. Viputo vikubwa vikaja, akavimaliza. Povu likawa laini. Likaanza kusimama. Alipoinua brashi, ncha ya povu ilibaki juu, haikulala. Akaisogeza stuli karibu na Mzee aanze kupaka.

"Geuza," Mzee akasema.

"Mzee, kanzu ni mpya."

"Nani amesema juu yangu? Geuza juu ya kichwa chako. Wewe ndiye uliyenijibu kwenye simu."

Wageni walisogea. Kavoi aliinua bakuli kwa mikono miwili, akaligeuza juu ya kipara chake kidogo. Tulitazama. Povu lilikaa. Likaendelea kukaa. Kisha kipande kimoja, hakizidi yai la njiwa, kiliachia kikatua utosini.

Baraza zima likacheka, na safari hii Mzee alikuwamo.

"Hicho ni cha ule uongo," alisema. "Kilichobaki ninyoe."

Kavoi alimpaka bila kujifuta kichwa. Mstari ulipita kando ya ndevu, umenyooka, haukugusa hata unywele mmoja. Wembe ulipomaliza, Mzee alijipapasa shingo, akajitazama kwenye kioo, akaondoa unywele mweusi uliokuwa umebaki shavuni.

"Mbuzi huyu nilimla Idd," aliwaambia wageni, "na bado hajaniacha."

Adhana iliposikika walianza kuvaa viatu. Mzee alikuwa wa mwisho kushuka barazani. Alinigeukia mimi.

"Wewe wa viatu. Una msumari?"

"Ninao, mzee."

"Upigilie hapo kando ya mlango. Hiyo brashi isirudi Kawangware. Na mwenye kuitumia asinifanye nimpigie simu tena."

Akaenda. Nilitoa msumari. Kavoi alisimama nyuma yangu, povu bado utosini, akaniambia niupandishe kidogo, kwa sababu brashi inakauka vizuri ikitazama chini na isiguse ukuta. Nikaupandisha.

Ile ya nguruwe niliichukua mimi. Naitumia kutolea viatu tope, lakini Kawangware tu. Siku ninazokaa pembe ya pili ya baraza naiacha kwa Kasiva.