Kiazi cha Vita

Nilipoona zero kwenye daftari la binti yangu, nilimwambia mwalimu pale pale: "Hapana. Leo nimechoka." Darasa liliambiwa liandike juu ya mwaka uliopita. Salome aliandika kwamba tulikimbia Mushaki mara mbili, na kwamba karibu na Sake shangazi yake alizaa kando ya barabara.

"Mama, wenzake waliandika juu ya Bonane," mwalimu alinijibu bila kuniangalia. "Vita haiko mambo ya watoto."

Mambo ya watoto! Mimi nilikuwa mdogo kuliko Salome, mchana wa Bonane, mwaka mpya umeingia, jiko letu likinuka maharagwe na moshi wa kuni mbichi. Mama na jirani yetu, Mama Furaha, walikuwa wanakumbuka mwaka ulioisha.

"Vita ilikula ngombe zetu zote."

"Ikapita hapa kijijini, ikapanda kule Burungu."

Nilidhani Vita ni mtu, tena mwenye njaa sana. Nikachukua kiazi cha moto, nikakiweka mlangoni.

"Ya nani hiyo?" Mama akauliza.

"Ya Vita. Akule, aende."

Mama Furaha alicheka mpaka akakohoa. Mama alinivuta kifuani, mabega yakimtikisika, nami nikafikiri naye anacheka. Leo najua alikuwa analia.

Kesho yake baada ya kusemezana na mwalimu wa Salome, nilipeleka barua kwa direkteri wa shule: "Mtoto alijibu swali aliloulizwa. Naomba zero ifutwe, na kazi yake isomwe mbele ya darasa lote. Nasubiri jibu kwa maandishi."