Malai ya Ng'ombe wa Mahari

Harufu ile bado hunijia asubuhi, kabla sijajua kama nimeamka. Kitunguu kinageuka rangi ndani ya samli, iliki inapasuka, na mimi nipo tena katika ua wa mama mkwe wangu pale Gisenyi, miaka ya hamsini, bibi arusi mwenye miguu mipana ya mlimani. Ukungu umelala juu ya ziwa. Moshi wa mbabula, lile jiko letu la makaa, unapanda kuufuata, na huwezi kusema moshi umeishia wapi na ukungu umeanzia wapi.

Mi nilitoka Mudende, kwa watu wa ng'ombe na viazi. Kwetu jogoo alikuwa wa kuwika tu. Mwanamke kula kuku? Ungeulizwa kama una akili. Nikaolewa mjini, kwa Waislamu. Baba mkwe alikuwa fundi cherehani, akishona kwenye baraza la duka la Mhindi, na mke wa Mhindi huyo ndiye aliyemfundisha mama mkwe kupika kuku wa mchuzi mzito na laini, rangi ya jua likiwa nyuma ya ukungu. Nyumba ile ilimpika kila Ijumaa. Akikosekana, baba mkwe alikula bila kumtazama mtu.

Mchuzi ule ulitaka malai, ule utando mzito unaoelea juu ya maziwa yaliyotulia. Mama mkwe aliyanunua kwa jirani, mpaka nilipotimiza miezi michache ya ndoa. Hapo shangazi yangu, dada ya baba, akaanza kuja. Alishuka na kikapu cha viazi vya kuuza sokoni, na chombo cha mti chenye maziwa kwa ajili ya wakwe zangu. Yalikuwa ya ng'ombe wa mahari yangu, aliyetolewa na nyumba hii hii. Maziwa mengine ya ng'ombe huyo aliyanywa mdogo wangu wa mwisho, maana mama alikaukiwa na maziwa, mtoto akiwa bado hajaota jino.

Sasa sikilizeni. Kwetu maziwa na nyama havikutani. Havikutani tumboni, sembuse ndani ya sufuria! Ukivipika pamoja, titi la ng'ombe aliyetoa maziwa hayo litatoa damu, kisha litakauka. Hilo sikufundishwa shuleni. Shule niliiona miaka miwili tu.

Ijumaa ile ya kwanza mama mkwe aliniwekea chombo mbele yangu. Kuku alikuwa ameiva, nyanya na manjano zimeachia mafuta pembeni.

"Bon, tia malai," akasema.

"Mama, mi siwezi."

"Huwezi nini? Mukono iko na ugonjwa?"

"Ni maziwa ya ng'ombe wetu. Na hii ni nyama."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "We mutoto ya Mudende! Ng'ombe iko kule juu, sufuria iko hapa chini. Nani atamupelekea habari? Tia. Baba yenu anarudi na njaa."

Nikatia. Alinionyesha namna: uipue sufuria motoni, uchote mchuzi wa moto kijiko kimoja kimoja ukichanganye na malai kwanza, yazoeane, ndipo uyarudishe yote pamoja, taratibu, ukikoroga upande mmoja tu. Ukiharakisha, yanakatika kama maziwa yaliyoharibika. Nilikoroga. Weupe ulizunguka ndani ya wekundu kama wingu, nikaona kiwele cha ng'ombe wetu mle ndani, naapa nilikiona, kikazunguka mara tatu kikazama.

Na kibaya kuliko vyote: ulikuwa mtamu. Nililamba vidole.

Ijumaa iliyofuata shangazi alikuja na viazi tu.

"Maziwa iko wapi?" mama mkwe akauliza.

"Ng'ombe amekauka," shangazi akajibu, akageuza uso pembeni.

Ule uso uliogeuka ndio uliniua. Nikasema anajua. Tangu siku hiyo nilitembea kama mtu aliye chini ya maji. Mama mkwe akarudi kununua kwa jirani, nami nikapika, lakini sikuonja tena. Nilipofunua sufuria, mvuke ulipanda na ndani yake nikasikia mtoto akilia, kule juu, mbali, karibu na volkano. Watu wakiniita, nilichelewa kuitika. Mama mkwe aliniambia, "Mukwe, uko hapa ao uko wapi?" Kama mdogo wangu angekufa, ningekuwa nimemuua kwa kijiko.

Ijumaa ya nne sikuweza tena. Shangazi alikuwa ameketi uani, miguu yake ndani ya beseni la maji, vumbi la njia linamtoka. Nikapiga magoti nikamwambia yote kwa Kinyarwanda, haraka haraka, mama mkwe asisikie.

Akasugua kisigino kwa jiwe.

"Uliyapika na nyama gani?"

"Ya kuku."

"Kuku!" Akatema mate pembeni. "Kuku ni nyama tangu lini? Kuku ni ndege."

"Lakini ng'ombe alikauka, shangazi."

"Mjinga wewe. Ana mimba ya miezi saba. Yale niliyokuletea yalikuwa ya mwisho mwisho. Ulitaka azae na kunyonyesha kwa pamoja?"

"Mbona hukusema?"

"Nitangaze mimba ya ng'ombe ndani ya mji, watu waitie jicho? Hata sasa nimesema sana. Funga mdomo."

"Na mtoto?"

"Anakunywa ya ng'ombe wa baba yako mkubwa. Amenenepa mpaka mama yako analalamika mgongo."

Nililia pale pale, kichwa changu juu ya magoti yake yaliyolowa. Alinisukuma. Watu wetu si wa kubembelezana.

Halafu akanusa hewa. "Ndiyo hiyo inayonuka?"

"Ndiyo."

"Lete nione huyo ndege."

Nikamletea kipande kwenye sahani, na mchuzi. Shangazi yangu, ambaye maishani mwake hakuwahi kula kuku, alifunga macho. Alitafuna polepole sana. Sauti za mtaa zilikuwa kama zimeenda mbali, na mimi nikitazama lile taya likienda na kurudi. Alinyonya mfupa mpaka ukawa mweupe. Akaweka mfupa chini.

"Ee," akasema. "Hii ni nyama."

Akaosha mikono, akavaa viatu, akachukua kikapu chake.

Ng'ombe alizaa ndama jike. Habari ililetwa kwa mama mkwe kwa heshima zote, naye akapiga vigelegele. Shangazi aliendelea kushuka kila Ijumaa, na alimletea viazi, maharagwe, hata asali siku moja. Maziwa hakuleta tena, na mama mkwe hakuuliza.

Kuku huyo ninampika hadi leo, na wajukuu wanagombania sufuria. Ila malai nanunua dukani. Ng'ombe wake simjui, naye hanijui.