Dobi Aliyetufundisha Habari za Bibi Harusi

Nilipochumbiwa, nilikuwa na mwaka wa pili nikifundisha shule ya msingi Kilwa Masoko. Mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa mchumba, alifanya kazi kwenye mtambo wa gesi kisiwani Songo Songo na kuvuka kuja bara kila alipopata mapumziko. Kanisa letu lilikuwa dogo, wengi wetu tukiwa wageni tuliohamia kikazi, na mchungaji alifika mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo mafunzo ya ndoa tulipewa na mzee wa kanisa, na mzee huyo alikuwa dobi.

Alifanyia kazi barazani kwake. Sisi tulikaa mkekani, yeye amesimama mezani na pasi yake ya mkaa akinyoosha mashati ya watu wa ofisini. Mkewe alikaa kwenye kiti karibu na mlango. Alikuwa amepata kiharusi miaka mitatu nyuma. Upande wake wa kulia ulikufa, na maneno yakawa yanamtoka kwa shida.

Siku ya kwanza mzee alimwambia mchumba wangu asome ile barua ya mtume, pale ndoa inapofananishwa na Kristo na kanisa lake. Mimi nilikuja na swali langu tayari.

"Baba, mbona kila harusi tunasomewa hapa, na kila mara inaishia kwamba mke atii? Kanisa ni bibi harusi, sawa. Lakini mzigo wote naona unaniangukia mimi."

Hakukasirika. Alipepea makaa kidogo, akasema, "Mwanangu, wengi wanasoma nusu wanafunga kitabu. Hebu endelea, kijana. Bwana harusi anafanya nini?"

Mchumba wangu alifuatisha mistari kwa kidole. "Anajitoa kwa ajili yake. Anamsafisha kwa maji, ili asiwe na doa wala kunyanzi."

"Mimi ni dobi," mzee akasema. "Sijawahi kuona nguo iliyojifua."

Hapo mkewe akaanza kuhangaika kitini. Mzee akaelewa. Aliiweka pasi kando, akambeba hadi uani. Tulisikia maji yakimiminwa kwenye beseni, na sauti ya mzee ikimsimulia mambo ya kawaida tu: samaki wamepanda bei, binti yao wa Lindi amepiga simu. Waliporudi, mama alikuwa amevaa kanga kavu iliyonyooshwa, nywele zimechanwa vizuri. Mzee akarudi mezani, akauliza tulikuwa tumefika wapi.

Jirani yao, mama mmoja Mwislamu aliyeuza vitumbua, ndiye aliyenieleza mengine. "Tulimwambia, shemeji, tuachie sisi wanawake tumwogeshe, ndiyo heshima yenyewe. Akasema, nisaidieni kupika, kumwogesha ni kazi yangu. Wanaume hapa mtaani walimcheka alipoanza kuanika kanga za mkewe. Siku hizi hawacheki. Mashaallah, yule ni mume."

Halafu ikaja Jumapili ya mchungaji. Tulikuwa tunajiandaa kushiriki Meza ya Bwana mama alipojichafua pale benchini. Harufu ikasambaa. Mimi nilikuwa benchi lilelile, na naandika hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilikusanya sketi yangu, nikasogea. Mzee alivua koti, akamfunika nalo, akamtoa nje bila haraka.

Baada ya ibada wazee walikaa kikao, nami nilikuwemo kama katibu. Mzee mmoja alisema, akiangalia sakafu, kwamba pengine ingefaa mama awe anapelekewa ushirika nyumbani, ili nyumba ya Mungu ibaki na heshima yake.

Dobi alimgeukia. "Nimekuelewa," akasema, "na najua hukusema kwa ubaya. Lakini ndugu zangu, tumekuwa tukihubiri hapa kwamba sisi ndio bibi harusi. Bibi harusi gani? Huyu anayeoshwa. Kila Jumapili tunaleta uchafu wetu humu, na Bwana hajatuambia tubaki nyumbani mpaka tutakate. Mke wangu akizuiwa mlangoni, na mimi sitajua nipitie wapi."

Kalamu yangu ilisimama. Sikujua niandike nini kwenye daftari la kikao. Mchungaji akainuka, akauliza ndoo iko wapi, akakunja mikono ya shati na kwenda kulisugua lile benchi mwenyewe. Yule mzee aliyetoa hoja ndiye aliyemchotea maji. Mama, aliyekuwa ameshaoshwa na kuketishwa nje, akaletwa ndani akapewa ushirika siku hiyohiyo, na akaendelea kuja kwa miaka miwili iliyobaki ya maisha yake.

Kesho yake nilikwenda kumwomba mama radhi. Nilimwamkia, nikapiga magoti, nikamweleza kwamba nilisogea. Sijui alikuwa ameona au la. Alinishika kiganja kwa mkono wake mzima, akakaa nacho hadi mumewe alipotuletea chai.

Wiki ile mchumba wangu alipokuwa anarudi kazini, nilimsindikiza kwenye boti. Njiani nilimuuliza kama angeweza kunifanyia vile.

"Sijui," akasema. "Nisikudanganye. Nimemwangalia yule mzee wiki zote hizi, na sioni kama alizaliwa anaweza. Nadhani alianza tu siku moja, kwa sababu maji yalihitajika."

Nilimpenda zaidi kwa jibu lile kuliko kama angeniapia.