Msomaji wa Kwanza

Mdogo wangu anapendwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonitafuna. Kuna watu wanaopendwa kwa jambo walilofanya. Huyu anapendwa akiwa amekaa tu, anapiga miayo. Nyumbani tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba. Mimi ndiye kifunguamimba. Kati yetu wapo wavulana watatu ambao hawana hatia yoyote katika habari hii. Nimempita Kitinda miaka kumi na minne. Nilimbeba mgongoni, nilimfundisha kusoma, nilimkata kucha. Na mwaka alioingia chuo kikuu kusomea uchumi, mimi pia niliingia. Kozi moja, darasa moja.

Ilikuwaje? Nilipomaliza sekondari, alama za kuingia chuo nilikuwa nazo. Lakini baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, mama alikuwa akishona sare za shule kwa cherehani ya miguu, na nyuma yangu walikuwapo wanne. Nikaenda posta. Miaka kumi na mitatu nilikaa kwenye dirisha la vifurushi, napima, nagonga muhuri, nabandika. Nilisema nitasoma wakishasoma wao, na kwa kweli nilingoja mpaka zamu ya mwisho ilipofika. Nikaomba likizo bila malipo, meneja akanipa miaka mitatu, akaniambia dirisha langu litanisubiri. Alidhani ananifariji.

Mimi nilichagua uchumi kwa miaka kumi na mitatu. Nilikuwa nikisoma vitabu vya kuazima nyuma ya mizani, kati ya mteja na mteja. Kitinda aliuchagua siku ya usajili kwa sababu foleni ya sheria ilikuwa imezunguka jengo na foleni ya uchumi ilikuwa na watu sita.

"Dada, si tutakuwa pamoja?" aliniambia, na kunirukia shingoni. Nikacheka. Roho iliniuma siku ile ile, lakini nikacheka.

Darasani waliniita Bi Mkubwa. Nilikaa mbele, daftari limepigiwa mstari wa pambizo. Yeye alikuja kachelewa, anatafuna njugu, na watu watatu wakisogea kumpisha. Profesa wetu tulimbatiza Mzee Yalivyo, maana hakumaliza maelezo yoyote bila kusema "mambo mengine yakibaki yalivyo". Bei ikipanda, watu watanunua kidogo, mambo mengine yakibaki yalivyo. Wiki ya tatu Kitinda akanyoosha mkono.

"Profesa, na yasipobaki?"

Darasa likavunjika mbavu. Mzee Yalivyo naye akacheka mpaka akavua miwani, kisha akaliandika swali kwenye kijitabu chake na kusema hilo ndilo swali la uchumi mzima. Swali hilo mimi nilikuwa nalo tangu wiki ya kwanza! Lilikuwa pembeni mwa daftari langu, kwa wino mwekundu. Sikuuliza kwa kuwa niliona ni kumkosea adabu mwalimu. Siku nzima nilifungua ukurasa ule na kuufunga.

Tukaenda hivyo. Mwaka wa kwanza nilimwacha mbali. Mwaka wa pili akanikaribia, na mwaka wa tatu nikawa mbele yake kwa alama mbili tu. Alama mbili zisingenishughulisha kama si jambo moja: kila mwaka idara yetu humbakiza mhitimu mmoja, yule anayeongoza, na kumwajiri awe mhadhiri msaidizi. Mmoja. Hiyo ndiyo nafasi niliyoitaka kuliko kitu chochote maishani mwangu. Kitinda angeweza kwenda popote, ana miaka ishirini na miwili na watu wanampenda. Mimi nikiikosa narudi dirishani kupima vifurushi mpaka nistaafu.

Lililobaki ni utafiti wa mwaka wa mwisho. Mimi nilichambua vifurushi vya posta vya miaka ishirini, kwa majedwali yaliyonyooka. Mzee Yalivyo alinirudishia rasimu na maneno mawili, "Kazi safi." Ya Kitinda aliisoma akicheka, na nilimsikia kwa masikio yangu akimwita mwenzake wa ofisi ya pili aje asikie aya moja. Alikuwa ameandika kuhusu saloni za kusuka nywele: msusi akipandisha bei, wateja hupungua kwa kiasi gani? Alizunguka saloni arobaini. Kila wiki alirudi na kichwa kipya, na wasusi walimwambia mambo ambayo hata waume zao hawayajui. Jamani, mimi nikiingia saloni naulizwa, "Unasuka au unasubiri mtu?"

Idara yetu ina desturi yake. Huwezi kukabidhi utafiti mpaka mwenzako mmoja ausome wote kwa penseli mkononi, atie alama kila penye kosa, kisha asaini ukurasa wa mwisho. Huyo huitwa msomaji wa kwanza. Kitinda hakufikiria mara mbili. Jumapili baada ya chakula cha mchana aliweka kazi yake mezani, meza yetu moja ya chumbani iliyo karibu na dirisha.

"Dada, nichane usinionee huruma," akasema, akatoka kwenda kumsaidia mama kukunja sare.

Nikasoma. Ilikuwa nzuri, na hilo liliniuma kuliko kitu kingine. Wasusi walikuwa hai mle ndani. Ungewasikia wakigombana kuhusu kiti cha karibu na feni. Nilifika ukurasa wa thelathini na moja nikiwa nimeshakubali moyoni kwamba nimeshindwa.

Ndipo nikaliona.

Nieleze kidogo, maana ni kosa ambalo mtu wa kawaida hawezi kulifanya. Lazima uwe umesomea uchumi. Sisi tukichora mchoro wa mahitaji, bei tunaiweka kwenye mstari wa wima na idadi ya wateja kwenye mstari wa kulala. Watu wa hesabu hutucheka, kwani kwao kile kinachoelezwa ndicho hukaa wima. Kwetu bei ndiyo inayoeleza, lakini tumeipandisha juu na tumezoea. Kitinda alifuata mazoea ya mchoro hadi ndani ya hesabu yenyewe. Akaiambia kompyuta kwamba wateja ndio wanaoeleza bei, kisha jibu akalisoma kana kwamba aliuliza kinyume chake. Kwa hiyo kazi yake ilisema msusi akiongeza bei kwa sehemu moja ya kumi, atapoteza mteja mmoja kati ya ishirini. Nikapiga hesabu upya kwa takwimu zake zile zile. Walikuwa karibu wanne. Na sura nzima ya mwisho ilikuwa ikiwashauri wasusi wapandishe bei bila hofu.

Penseli ilikuwa mkononi mwangu. Niliigusisha kwenye karatasi. Kutoka sebuleni nilimsikia Kitinda akimwigiza mama anavyogombana na uzi, na mama akicheka kicheko ambacho mimi sijawahi kumchekesha. Nikafunua ukurasa wa thelathini na mbili.

Wivu una bidii ya ajabu. Sijawahi kusahihisha kazi ya mtu kwa uangalifu kama siku ile. Nilitia alama nukta zilizosahauliwa, nilitenganisha maneno yaliyogandana, nilimwonyesha kwamba kwenye marejeo kamchanganya mwandishi na mchapishaji. Makosa arobaini na saba, yote madogo. Ukurasa wa thelathini na moja niliuacha safi, kisha nikasaini.

Alipoipokea hakuanza mwanzo. Alifunua moja kwa moja mpaka ule ukurasa, akautazama, akashusha pumzi na kunikumbatia. "Mungu akupe maisha marefu," akasema. Mimi nilidhani anashukuru kwa zile nukta.

Siku ya kutetea utafiti ilikuwa Jumatano asubuhi, mbele ya darasa zima. Waliokaa mezani ni wawili: Mzee Yalivyo, na mhadhiri wa takwimu tuliyemwita Mama Hesabu, mwanamke mpole asiyecheka ovyo. Mimi nilitangulia. Hawakuniuliza swali gumu. Kisha akaja Kitinda, na dakika kumi za kwanza watu walicheka, wakapiga makofi, na Mzee Yalivyo akamtazama kama mtu anayemtazama mwanawe. Nilikaa nimefumbata mikono. Nilikuwa najua kinachokuja, na nilikuwa nakisubiri, sitasema uongo.

"Ukurasa wa thelathini na moja," Mama Hesabu akasema. "Hapa umeweka kipi kieleze kipi?"

Kitinda akaanza kujibu, akasita. Akatazama karatasi, akatazama mchoro ukutani. Niliona uso wake ukielewa. Dakika mbili zilitosha, Mama Hesabu akalimaliza kwa sauti ile ile ya upole: hesabu imegeuzwa, sura ya mwisho inaanguka, na kama wale wasusi wangefuata ushauri huu wangebaki na viti vitupu.

Mzee Yalivyo akafunua ukurasa wa mwisho, akaisoma saini polepole, kisha akaangaza darasani.

"Bi Mkubwa, simama. Wewe ndiye msomaji wa kwanza?"

"Ndiyo, profesa."

"Hili hukuliona?"

Nilijua uzito wa swali lile. Kazi ya mhadhiri msaidizi ni kuona makosa ya wanafunzi. Nikisema sikuliona, nimejiondoa mwenyewe, lakini mdogo wangu atanishika mkono turudi nyumbani kama zamani. Nikisema niliona, nafasi nitabaki nayo, na yeye je? Nilikuwa na nia ya kusema sikuliona. Naapa nilikuwa nayo, na mdomo ulikuwa umeshafunguka. Ndipo mtu nyuma yangu akanong'ona, "Kumbe hata Bi Mkubwa hakujua."

"Niliona," nikasema.

"Lini?"

"Jumapili."

"Kabla ya kusaini?"

"Kabla."

Mzee Yalivyo alivua miwani na safari hii hakuwa anacheka. Kitinda hakunitazama. Aliongea na meza, kwa utulivu, kama bado anaeleza namna alivyokusanya takwimu.

"Profesa, kosa ni langu. Ukurasa huo nilikuwa na wasiwasi nao tangu mwanzo. Nilitaka kuja kukuuliza. Ila dada aliponirudishia bila alama pale, nikajua niko sawa."

Alipewa miezi mitatu airekebishe kazi, na alama zake zikawekewa ukomo. Mimi nikaongoza darasa. Nilidhani wataninyima nafasi, na nadhani kama ningenyimwa ningelala usingizi mzuri zaidi. Lakini kanuni ya idara inataja alama tu. Mzee Yalivyo alinikabidhi ufunguo wa ofisi akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha kuketi.

Nyumbani Kitinda hakumwambia mama nilichofanya. Ndiyo tabia yake, hata kulaumu hajui, na hilo nalo nilimwonea wivu. Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. "Wanangu mmebebana," alisema, ametushika mkono mmoja mmoja. "Yule akianguka, huyu anamwinua." Kitinda akaitikia, "Ndiyo, mama," akaenda kuteka maji ya kuoga.

Wiki ya pili ya kazi, asubuhi, nilikuwa na foleni ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza nje ya mlango. Wanabisha, wanaingia na michoro yao ya mahitaji, naikosoa, wanatoka. Mlango ukabishwa tena na akaingia Kitinda. Alikuwa amebeba kazi yake, mpya, imebanwa vizuri. Kazi iliyorekebishwa nayo hudai msomaji wa kwanza. Nilinyanyuka kidogo kitini. Mkono wangu ulikuwa umeshatangulia kuipokea, kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili ya kupokea kila alichokibeba.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. "Namtafuta Mama Hesabu. Amekubali kunisomea."

Tangu ajue kusema aliniita dada. Hata alipokuwa na hasira, hata mbele ya wageni.

"Yuko chumba cha nne," nikamjibu.

"Asante, mwalimu."

Akaurudisha mlango taratibu, ili usijibamize. Nilisikia hatua zake mpaka chumba cha nne, nikasikia akikaribishwa, kisha nikamsikia Mama Hesabu, yule asiyecheka ovyo, akicheka. Mwanafunzi wa kwanza kwenye foleni alikuwa ameshaingia na mchoro wake, ananingoja. Mimi niliutazama ukuta wa upande ule, nikimwonea wivu Mama Hesabu.